Madhabahu Nyumbani si Neno, Dawa Usiiache

Ukipanda ngazi za nyumba za kupanga kule Kangemi, Kawangware au Uthiru, au ukibisha hodi katika fleti za Kileleshwa na Lavington, utagundua jambo moja. Wakazi wengi wa Nairobi, hata wanaoishi chumba kimoja, wametenga pembe ya nyumba kwa ajili ya imani yao. Kwa Mkatoliki ni picha ya Bikira Maria na rozari iliyotundikwa msumarini. Kwa Mhindu wa Parklands ni kijihekalu cha mbao au marumaru chenye taa ya samli. Kwa Mwislamu ni msala uliokunjwa vizuri ukingoja saa ya swala. Kwa mlokole ni ile nafasi kando ya kitanda anapopiga magoti saa kumi alfajiri kabla ya kuwahi matatu ya kwenda mjini.

Siku hizi yumo pia mkazi mwingine, ambaye majirani humtazama kwa jicho la mshangao. Huyu ni Mbudha, au mtu ambaye si Mbudha kamili lakini amevutiwa na mafundisho ya Budha na kuanza kuketi kimya asubuhi na jioni. Ameweka rafu ndogo ukutani. Juu yake kuna sanamu au picha ya Budha, bakuli la maji, maua, mshumaa na vijiti vya udi.

Swali la afya huja mbele yangu kwa njia mbili. Mgonjwa huniuliza: "Daktari, je, nikiketi mbele ya madhabahu yangu kila siku, naweza kuacha tembe za presha?" Naye mzazi huniuliza kwa sauti ya chini: "Daktari, kijana wangu ameweka sanamu chumbani. Je, akili yake ni timamu?"

Jibu langu kwa wote wawili nalitoa mapema ili asiyeweza kusoma hadi mwisho asipotee. Madhabahu ya nyumbani si ugonjwa, na inaweza kuwa msaada kwa afya ya mkazi wa jiji. Lakini msaada huo hautoki katika sanamu wala moshi wa udi. Unatoka katika utulivu na ratiba. Tena msaada huo hufanya kazi ukiwa bega kwa bega na dawa, wala hauchukui mahali pa dawa.

SI JAMBO GENI

Wako wanaodhani kuwa Ubudha umeingia Afrika Mashariki jana kupitia filamu za karate. La hasha. Jijini Dar es Salaam, mtaa wa Upanga, lipo hekalu la Kibudha lililoanzishwa na Wasinhala kutoka kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka, takriban miaka 100 iliyopita. Nchini Uganda, karibu na Entebbe, kipo kituo cha Kibudha kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtawa Bhante Buddharakkhita, ambaye ni Mganda mzaliwa. Hapa Kenya wamo Wabudha waliotoka Sri Lanka, Thailand, China na Japani kwa kazi na biashara, na wamo Wakenya wenyewe, baadhi yao wakiwa wanachama wa Soka Gakkai, chama kilichoanzishwa Japani mwaka 1930 na kinachofuata mafundisho ya mtawa Nichiren wa karne ya 13.

Madhabahu zao hazifanani. Wafuasi wa Soka Gakkai huwa na kabati dogo ambalo Wajapani huliita butsudan, na ndani yake hutundikwa karatasi yenye maandishi matakatifu, si sanamu. Wao hukariri kwa sauti asubuhi na jioni. Wabudha wa Sri Lanka na Thailand huweka sanamu ya Budha mahali palipoinuka, na mbele yake maua, maji, taa na udi. Wale wa Tibet hupanga mabakuli saba ya maji, huyajaza asubuhi na kuyamwaga jioni.

Kwa hiyo anayeuliza, "Madhabahu sahihi ni ipi?" na amwulize mwalimu wa dini yake. Mimi ni daktari wa magonjwa ya kawaida, wala sina mamlaka ya kupanga mabakuli. Ninaloweza kukueleza ni jinsi pembe hiyo inavyogusa moyo, mapafu, magoti na akili ya anayeitumia, pamoja na watoto wanaolala chumba hicho hicho.

FAIDA YAKE NI IPI?

Chukua siku ya kawaida ya mfanyakazi wa katikati ya jiji. Ameamka saa kumi na moja. Amesimama kwenye foleni ya matatu kando ya Waiyaki Way. Amefika Tom Mboya Street akiwa amesikiliza honi na muziki wa juu kwa saa nzima. Mchana amegombana na mteja, jioni amedaiwa kodi ya nyumba, usiku simu haijanyamaza. Mwili wa mtu huyu umekaa siku nzima kama wa swala aliyesikia mngurumo wa simba. Homoni za hofu zimemwagika katika damu, moyo unakwenda mbio, mishipa imebana na misuli ya shingo imekaza. Swala akishamkwepa simba hurudi kula majani. Mkazi wa Nairobi hulala na simba wake kitandani.

Mtu huyo akiketi dakika 15 mahali penye utulivu, akapumua polepole na kuelekeza mawazo kwenye jambo moja, mwili hupokea habari kwamba hatari imepita. Mapigo ya moyo hupungua na misuli hulegea. Daktari Herbert Benson wa Chuo Kikuu cha Harvard aliyaeleza mabadiliko hayo katika kitabu chake cha mwaka 1975, akaonyesha kuwa yanaweza kupatikana kwa sala au maneno ya dini yoyote yanayorudiwarudiwa. Miaka minne baadaye, 1979, Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa wa hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts utulivu uliotokana na mazoezi ya Kibudha, bila kuwataka wabadili dini.

Je, utafiti unasemaje? Mwaka 2014 jarida la JAMA Internal Medicine lilichapisha uchambuzi wa majaribio 47 yaliyowahusisha watu 3,515. Ilionekana kuwa mazoezi ya kutafakari hupunguza kwa kiasi wasiwasi, huzuni na maumivu. Lakini uchambuzi huo huo haukuona ushahidi kuwa kutafakari kunashinda dawa au mazoezi ya mwili. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa moyo cha Marekani kilitoa kauli kama hiyo: kutafakari kwaweza kuongezwa juu ya matibabu ya kawaida ya kuzuia magonjwa ya moyo, lakini si badala yake.

Msomaji, neno la kushika hapo ni "juu ya". Sukari huongezwa juu ya chai, na hakuna anayekunywa sukari akasema amekunywa chai.

Mbona basi pembe maalumu? Je, mtu hawezi kuketi kimya popote? Anaweza. Lakini binadamu ni kiumbe wa mazoea. Ukiwa na mahali pamoja, saa moja, na vitu vile vile, mwili huanza kutulia hata kabla hujafumba macho, kama vile mate yanavyojaa mdomoni ukisikia sufuria ya pilau ikifunuliwa. Asiye na mahali husema, "Nitatulia kesho," na kesho hiyo haifiki. Hapo ndipo ninapoona thamani ya rafu ile ndogo. Inamkumbusha mwenyewe kuwa ana miadi.

TEMBE KANDO YA MADHABAHU

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza moyo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu robo ya watu wazima nchini Kenya wana shinikizo la damu lililopanda, na kwamba wengi wa Wakenya hawakuwa wamewahi kupimwa. Ugonjwa huu hauumi. Mtu huuza duka lake River Road, hucheka na wateja, huku presha ikiwa 180 kwa 110, hadi siku kiharusi kinapompindua mdomo na kumlegeza mkono.

Kwa sababu hauumi, mgonjwa huudanganyika nao kwa urahisi. Anaanza kuketi mbele ya madhabahu, analala vizuri na hasira imepungua. Anajisemea, "Nimepona," kisha tembe zinabaki kwenye kabati. Sisemi hili juu ya Wabudha pekee. Nimeliona kwa waliotoka kwenye mikutano ya injili, kwa wanaokunywa maji ya kisomo na kwa wanaokimbia kila asubuhi pale Arboretum. Kila mmoja ana sababu yake ya kuacha dawa, lakini mishipa ya damu haiulizi dini ya mwenyewe. Ndivyo ilivyo pia kwa kisukari, kifafa, pumu na dawa za virusi vya ukimwi.

Ni kweli kuwa mtu anayetulia, anayepunguza chumvi na uzito, na anayetembea kwa miguu anaweza kufikia hatua ya daktari kumpunguzia dawa. Hilo hutokea, nasi madaktari hulifurahia. Lakini hupimwa kwa mashine, si kwa hisia, na hufanywa polepole chini ya uangalizi. Siku hizi hata wahudumu wa afya ya jamii mitaani wamepewa mashine za kupima presha, kwa hiyo mkazi wa Kawangware hana haja ya kupanda matatu hadi mjini ili ajue hali yake.

Tena Ubudha wenyewe haumpi mgonjwa ruhusa ya kutupa dawa. Katika masimulizi ya kale ya watawa, Budha alimkuta mtawa mmoja akiugua tumbo la kuhara, amelala katika uchafu wake na wenzake wamemwacha. Budha na mwanafunzi wake Ananda walimwosha kwa mikono yao, kisha watawa wakaagizwa wauguzane. Kanuni zao za kale zinataja dawa miongoni mwa mahitaji ya lazima ya mtawa, pamoja na chakula, mavazi na malazi. Anayesema kuwa imani hii inakataza dawa amejitungia yake.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, nao hauna gharama. Zifungamanishe tembe zako na madhabahu yako. Ikiwa kila asubuhi saa kumi na mbili unabadilisha maji na kuketi, basi saa hiyo hiyo iwe ya kumeza tembe. Sababu kubwa ya watu kukosa dozi ni kusahau, na dawa iliyofungwa kwenye mazoea ambayo tayari unayo husahaulika kwa nadra. Weka kisanduku cha dawa kwenye droo iliyo karibu, mbali na joto la mshumaa na mbali na mikono ya watoto. Muumini wa dini nyingine naye afanye vivyo hivyo. Tembe ikae karibu na rozari, au karibu na msala.

MOSHI HAUNA DINI

Udi ni kitu kizuri kwa pua, na desturi ya kufukiza iko kwetu tangu zamani, hasa pwani ambako nyumba, nguo na hata nywele hufukizwa. Lakini mapafu huona moshi kuwa ni moshi tu. Utafiti uliopimwa maabarani unaonyesha kuwa gramu moja ya udi ikiungua hutoa zaidi ya miligramu 45 za chembechembe za moshi, ilhali gramu moja ya sigara hutoa takriban miligramu 10. Chembechembe hizo ni ndogo mno, hupita koo na kushuka hadi ndani kabisa ya mapafu.

Huko Singapore watafiti waliwafuatilia zaidi ya Wachina 61,000 wa umri wa kati na wazee kwa miaka mingi. Waliochoma udi nyumbani kwa muda mrefu walionekana kupata zaidi aina fulani za saratani za njia ya hewa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2008. Hao ni watu waliochoma udi kila siku, miaka nenda miaka rudi, si mgeni aliyechoma kijiti kimoja siku ya sikukuu. Hata hivyo ni onyo.

Katika nyumba kubwa ya Lavington yenye madirisha manne, kijiti kimoja hupotea hewani. Katika chumba kimoja cha Kangemi chenye mlango mmoja na dirisha la futi mbili, ambamo jiko limewashwa na watoto watatu wanalala, mambo ni mengine. Mtoto mwenye pumu anaweza kuanza kukoroma kifua usiku ule ule. Mwezi wa Julai ndio mbaya zaidi, kwani baridi hutufanya tuzibe kila tundu, na wengine huingiza jiko la makaa ndani. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, ambayo huua waliolala bila kuwaamsha. Kwa hiyo msomaji, udi au si udi, jiko la makaa lisilale ndani.

Sikuambii uache udi. Nakuambia ufungue dirisha, uchome kijiti kimoja na si fungu zima, ukizime ukimaliza kuketi, na usikichome chumba anacholala mtoto, mjamzito au mtu mwenye pumu. Wakiwamo hao, weka maua badala yake. Mafungu ya maua hupatikana City Market, pale Muindi Mbingu Street, na desturi nyingi za Kibudha huridhika kwa maua, maji na taa bila moshi wowote.

MOTO, MAJI NA CHAKULA

Mshumaa ni mdogo lakini umeteketeza nyumba nyingi za mabati na mbao jijini mwetu. Madhabahu yasiwekwe chini ya pazia, karibu na godoro wala kando ya mtungi wa gesi. Mshumaa uwe juu ya sahani ya udongo au ya bati, na usiondoke nyumbani wala kulala ukiwa unawaka. Zipo taa ndogo za betri zenye umbo la mshumaa, ambazo hazimchomi mtu. Rafu nayo ifungwe kwa skrubu imara, kwani sanamu ya mawe ikimwangukia mtoto kichwani ni kazi ya daktari wa upasuaji. Hakuna haja ya gharama kubwa. Fundi wa mbao wa kando ya Ngong Road au wa Kawangware atakutengenezea rafu imara kwa bei ya kupatana.

Maji yaliyotuama ni kitalu cha mbu. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue na chikungunya, hupenda sana maji safi ya vyungu vya maua na vibakuli, na yai lake huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa siku 7 hadi 10. Mombasa wameonja dengue zaidi ya mara moja. Lakini anayefuata desturi ya kumwaga maji na kuosha bakuli kila siku hana la kuogopa. Hapa desturi ya dini na ushauri wa daktari vimekutana. Anayeyasahau maji wiki mbili ndiye anayefuga mbu mbele ya Budha.

Matunda na wali vilivyowekwa madhabahuni navyo visilale hapo siku tatu. Mende na panya hawana heshima kwa kitu kitakatifu.

MAGOTI NA MGONGO

Wengi wameona picha za watawa wamekunja miguu kama fundo, wakadhani bila hivyo hakuna kutafakari. Mtu wa miaka 50, mwenye kilo 90 na magoti yanayolalamika akipanda ngazi, asijitese. Kukunja miguu kwa muda mrefu hubana mishipa ya fahamu iliyo kando ya goti, na mtu akiinuka ghafla mguu ukiwa umekufa ganzi anaweza kuanguka. Keti juu ya kiti, nyayo zikiwa sakafuni na mgongo wima. Ukitaka kukaa chini, kalia mto mgumu ili nyonga ziwe juu ya magoti. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia za miguu ajihadhari zaidi, kwa maana anaweza kupata kidonda au kuungua asijue. Anayemeza tembe za presha ainuke polepole ili asipate kizunguzungu.

KWA MZAZI ALIYEINGIWA NA HOFU

Mzazi, naelewa hofu yako. Mwaka 2023 nchi hii ilishuhudia msiba wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, ya watu walioaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watamwona Mungu. Tangu siku hiyo, mtoto akibadili namna ya kusali, mzazi hukosa usingizi. Usicheke hofu hiyo, wewe kijana. Ina sababu.

Lakini imani isipimwe kwa ugeni wake. Waliokufa Shakahola walihubiriwa kwa kitabu ambacho wengi wetu tunacho nyumbani. Pima kwa maswali ya afya. Je, mwanao anakula? Analala? Anakwenda kazini au chuoni? Anaongea na jamaa zake? Anakubali kutibiwa akiugua? Kuna mtu anayemdai pesa kila mara, au anayemkataza kuonana nanyi? Majibu yakiwa mema, sanamu iliyo rafuni si kitu cha kukufanya umpeleke kwa daktari wa akili. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa dhamiri na dini.

Na hili ni la kutafakari. Budha mwenyewe, kabla ya kuitwa Budha, alijinyima chakula hadi mbavu zikahesabika. Kisha akaona kwamba kuutesa mwili hakumfikishi popote, akapokea wali wa maziwa kutoka kwa mwanamke aitwaye Sujata, akala, akapata nguvu. Njia aliyoifundisha baadaye iliitwa njia ya katikati. Kijana anayejinyima chakula kwa jina la Ubudha amemwacha huyo anayedai kumfuata.

Yapo majibu yasiyo mema. Kijana akianza kusikia sauti zisizosikika kwa wengine, akikaa siku mbili bila usingizi akiwa mbele ya madhabahu, akijitenga kabisa au akizungumzia kufa, huo si uchaji tena. Ni dalili za ugonjwa wa akili, nao hutibiwa. Mtu wa namna hiyo asiongezewe saa za kutafakari, kwani kukaa kimya muda mrefu kunaweza kumzidishia. Apelekwe hospitali mapema. Wala familia isimfiche kwa kuogopa polisi. Mwezi wa Januari mwaka 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba. Anayetamani kufa ni mgonjwa, na mahali pake ni kwa daktari.

NENO LA MWISHO

Wapo wenzangu wa taaluma wasiopenda daktari aongelee madhabahu. Husema kwamba kazi yetu ni vijidudu na mishipa, na mengine tuwaachie mapadri na mashehe. Siafikiani nao. Mgonjwa hafiki kwangu akiwa ameiacha imani yake nje ya mlango pamoja na mwavuli. Huja nayo, hunywea dawa nayo, na pengine huiachia dawa kwa ajili yake. Daktari asiyeuliza habari hiyo atashangaa kwa nini presha haishuki, na mgonjwa aliyeogopa kuchekwa hatamwambia.

Basi ukienda kliniki juma lijalo, mwambie daktari wako bila haya kwamba una madhabahu, unakariri au unakaa kimya dakika kadhaa kila asubuhi, na unachoma udi. Mwulize kama mapafu yako yanaruhusu moshi huo. Mwonyeshe tembe ulizobakiza ili azihesabu. Akikucheka, tafuta mwingine. Naye akikuambia presha yako imeshuka kuwa 130 kwa 80, furahi, shukuru kwa namna unayoijua, kisha mwulize kuhusu dozi ya mwezi ujao.